Kibarua, skwota, mgema: babu zetu pwani walikuwa wakifanya kazi gani hasa?

Babu yangu mzaa mama aliacha sanduku la bati, na ndani yake, chini ya kanzu mbili na miwani iliyovunjika, kulikuwa na kipande chake. Kwa wasiojua, kipande ni ile karatasi mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo Kenya wakati wa mkoloni, ndani mna alama za vidole, jina, kabila, lokesheni, halafu mistari ya waajiri, huyu kamwandika tarehe fulani, kamwachisha tarehe fulani, mshahara kiasi fulani, saini. Pahali pa kuandika aina ya kazi kila mwajiri kaandika neno lile lile la kizungu ambalo sisi tungesema kibarua. Basi, hakuna la zaidi.

Sasa ukimuuliza mamangu atakwambia babake alikuwa mgema. Mjomba anasema a-a, alikuwa kuli, alibeba mizigo bandarini Kilindini. Bibi yangu, Mungu amrehemu, yeye siku zote alisema mume wangu alikuwa mkulima, na ukimwita kibarua mbele yake anakasirika kabisa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mmoja anasema kweli na wengine wamechanganya, na imenichukua miaka kuelewa kwamba wote walisema kweli. Jina la kazi wakati ule halikukwambia mtu anafanya nini na mikono yake. Lilikwambia ardhi anayosimama ni ya nani, na siku ile ya leo ni ya nani. Kulima ni kulima tu, jembe ni lile lile, magugu ni yale yale, lakini ukilima siku ya mwingine una jina moja na ukilima siku yako una jina jingine. Ukilishika hili vizuri basi fujo yote ya maneno haya, mtumwa, skwota, kibarua, kuli, manamba, inaanza kufunguka, kwa hiyo nitajaribu kuifungua polepole.

Tuanzie mbali kidogo. Karne ya 19 mashamba ya pwani, Malindi, Takaungu, Mtwapa na huku kwetu kuzunguka kisiwa cha Mombasa, yalilimwa na watumwa. Malindi hasa ilikuwa ghala, mtama na ufuta ulikuwa ukipakiwa majahazini kupelekwa Unguja na Arabuni. Kazi ilipimwa kwa ngwe, unakatiwa sehemu yako ya shamba upalilie, ukimaliza umemaliza, na juu yako yuko msimamizi, chini yake nokoa, chini ya nokoa kadamu, na huyo nokoa na kadamu mara nyingi ni watumwa vile vile. Halafu juma likagawanywa, siku tano za bwana, Alhamisi na Ijumaa mtumwa analima koonde lake mwenyewe, na alichovuna hapo ndicho alichokula, manake bwana alijua akimwachia siku mbili hana haja ya kumlisha. Hizo siku mbili nakuomba uziweke akilini, zitarudi.

Mjini Mombasa mambo yalikuwa tofauti. Kulikuwa na watumwa waliotumwa kujitafutia kazi nje, wengine wapagazi wa misafara ya bara, wengine wanabeba mawe ya kujengea, wengine mafundi, halafu katika walichopata wanampelekea bwana fungu lake, mara nyingi nusu. Na hapo kwenye kazi za kutwa ndipo likaja neno kibarua. Kibarua ni barua ndogo, wala hakuna siri, mtu akimaliza kazi ya siku anapewa kikaratasi cha kuonyesha kafanya, bila hicho halipwi. Basi karatasi ikawa jina la kazi, kazi ikawa jina la mtu, na hadi leo mtu akifutwa kazi twasema kibarua kimeota nyasi, na wanaosema wengi hawajui kwamba wanazungumza habari ya kikaratasi.

Mwaka wa 1907 serikali ya Mwingereza ikafuta hali ya utumwa kisheria kwenye pwani yetu, miaka 10 baada ya Unguja na Pemba. Fidia ililipwa, lakini waliolipwa ni mabwana. Aliyelima hakupewa kitu, hata hilo koonde lake la Alhamisi na Ijumaa hakupewa. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi, kila anayedai shamba kwenye ukanda wa pwani wa maili 10 aje aandikishe dai lake, alete mashahidi, alete karatasi. Waliokuja ni waliojua ofisi na waliokuwa na karatasi, Waarabu, Waswahili wenye mashamba, baadhi ya Wahindi. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima humo na watumwa walioachwa huru hawakuandikwa, na kisichoandikwa na mtu kikahesabiwa mali ya serikali. Mimi kwa maoni yangu sheria hii ya 1908 imetuumiza zaidi kuliko nyingi zinazotajwa vitabuni, kwa sababu siku moja uko kwako unapalilia, siku ya pili uko pale pale na jembe lile lile ila sasa unaitwa skwota, yaani mtu aliyekaa kwenye ardhi isiyo yake.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa kwa hiyo tuende pole. Skwota wa pwani na skwota wa bara ni watu wawili tofauti kabisa, walipewa jina moja tu. Kule bara, kwenye mashamba ya masetla, skwota aliruhusiwa kukaa na kulima kidogo na kufuga mifugo yake kidogo kwa sharti la kumfanyia mzungu kazi, na sheria ya mwaka 1918 ikaandika kabisa, siku 180 kwa mwaka. Yaani nusu ya mwaka mzima si yako. Halafu kulikuwa na tikiti ya siku 30, mfanyakazi anatiwa alama kila siku anayofanya, na siku hizo 30 alitakiwa azimalize ndani ya siku 42. Na sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai, ukitoroka unafungwa kama mwizi, sio kwamba unadaiwa tu.

Skwota wa pwani hakuwa na hesabu ya siku namna hiyo. Mwenye shamba wa Takaungu au Kisauni hakuwa na askari wa kumhesabia, watumwa wake wameondoka, shamba linaota msitu, yeye alichotaka ni mtu akae, afyeke, awe jicho la kuangalia minazi isiibiwe, amletee ijara ya ardhi kidogo au fungu la mavuno. Kwa hiyo skwota wa pwani alikuwa na siku zake karibu zote, ndio maana bibi alikataa neno kibarua. Lakini kulikuwa na sharti moja na hili ndilo lililokuwa kamba shingoni: panda mahindi, panda mihogo, panda kunde, usipande mti wa kudumu. Mnazi usipande, mkorosho usipande, muembe usipande. Kwani kwetu mti ni ushahidi. Mtu anaweza kuwa na mnazi kwenye ardhi ya mwingine na mnazi ukabaki wake, huwezi kumfukuza bila kuzungumza naye habari ya mnazi wake. Mahindi yanavunwa baada ya miezi mitatu minne na hayaachi neno. Ukipita leo sehemu za Kilifi ukaona mzee anakuonyesha mnazi mmoja na kukwambia huu aliupanda babangu, sikiza vizuri, anakupa hati yake ya ardhi kwa mdomo.

Na nyumba za Majengo hapa mjini zilikwenda hivyo hivyo, mtu anajenga nyumba yake ya udongo na makuti, nyumba ni mali yake anapangisha vyumba, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na kila mwezi kina ijara yake. Hali hiyo ipo hadi leo, watu wanauziana nyumba bila ardhi.

Sasa kugema. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ni kazi ya ufundi na nimechoka kusikia mgema anatajwa kwenye methali peke yake, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kana kwamba kazi yake yote ni hiyo. Mnazi wa kugemwa unachongwa vidato shinani mpaka juu, hapo ndipo kidole cha mguu kinaposhika. Mgema anapanda alfajiri, na jioni anapanda tena, na mnazi mmoja si kazi, anahudumia kadhaa, kwa hiyo hesabu mwenyewe ni mara ngapi anakwea mpaka juu kila siku ya Mungu. Juu kule anatafuta karara, ile ala changa iliyobeba maua kabla haijapasuka, analifunga kwa ukambaa lisifunguke, analikata ncha kwa kotama, kile kisu chake kilichopinda, halafu kila siku analiinamisha taratibu, leo kidogo kesho kidogo, kwani ukiliharakisha linavunjika na kazi yote imekwisha. Likishaanza kutiririka analifungia kibuyu. Kila akipanda anakata utando mwembamba sana kwenye ncha ili njia ya maji isizibe, akikata nene anamaliza karara kabla ya wakati, akikata nyembamba mno halitoki kitu. Mamangu anasema babake alikuwa akinusa kotama kabla hajapanda, ikinuka chachu anaiosha tena.

Kinachoshuka asubuhi ni tamu, mtoto anakunywa, kikikaa mpaka jioni kimekuwa kikali, kikikaa zaidi ni siki ya kutia kwenye mchuzi. Kwa hiyo tembo halingoji, lazima yuko mtu wa kulichukua na kulifikisha mjini siku ile ile, na huyo mara nyingi ni mwanamke, na lazima yuko mwenye kibanda cha kuuzia. Kaloleni na vijiji vya Wagiriama na Warabai waliishi sana kwa biashara hii na Mombasa. Lakini angalia ugomvi uliomo: mnazi unaogemwa hauzai nazi, karara lile ndilo lingekuwa nazi. Mwenye shamba anataka nazi apate mbata, nazi iliyokaushwa, ya kuuza, mgema anataka tembo kwa sababu tembo ni pesa ya leo. Serikali nayo ilikuwa upande wa mbata, kwa hiyo ikaleta leseni na marufuku, na kazi ambayo babu zao walikuwa wakiifanya kwa arusi na matanga ikawa kazi ya kujificha. Ndio sababu huwezi kukuta imeandikwa mgema kwenye kipande. Hakuna mwajiri wa kuitia saini.

Kodi ndiyo iliyovunja mpango wote huu wa mtu kukaa na siku zake. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda cha kulipia, ili kijana asiseme mimi naishi kwa babangu. Kodi haikutaka mahindi wala kuku, ilitaka sarafu, rupia mpaka mwaka 1920, kisha baada ya muda mfupi wa florini ikawa shilingi. Huko bara kwenye nyanda za juu njia ya karibu ya kupata sarafu ilikuwa kwenda kufanya kazi kwa setla. Pwani watu walikuwa na ujanja mwingine, Wagiriama walikuwa wanauza mahindi yao wenyewe, wanauza mbuzi, wanauza tembo, wanalipa kodi na wanabaki nyumbani. Na hili liliwaudhi sana wakubwa serikalini, manake kulikuwa na mashamba ya wazungu ya pamba na mpira karibu na Malindi yanataka watu, na kazi za Mombasa zinataka watu, na hao watu wako ng'ambo ya mto Sabaki wanalima mahindi yao kwa raha zao.

Kisa cha Mekatilili wa Menza, yule mwanamke wa Kigiriama, tunakijua kwa ile ngoma ya kifudu na viapo vya Kaya Fungo, pahali patakatifu pa Wagiriama, na watoto wanafundishwa kwamba alipigana na wazungu. Ni kweli, lakini ukikisoma kwa jicho la kazi utaona jambo lenyewe lilikuwa nani atachukua siku za vijana wa Kigiriama. Serikali ilitaka vibarua, yeye akazunguka vijiji mwaka 1913 akiwaambia wasitoe vijana. Akakamatwa, akapelekwa Kisii mwisho wa nchi, akatoroka akarudi kwa miguu mpaka kwao. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, vita vikawaka, watu wakauawa na vijiji vikachomwa, na adhabu waliyotozwa Wagiriama baadaye inasema yenyewe habari ilikuwa nini: rupia 100,000 na vijana 1,000 wa kazi. Pesa, halafu siku za watu.

Kipande chenyewe kilipitishwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kikaanza kutumika hasa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, kuanzia 1919, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu, kinatiwa kwenye kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni, huko Ukikuyuni wakakifananisha na kengele ya mbuzi. Ubaya wake mkubwa ulikuwa ile saini ya kuachishwa. Mwajiri asipotia saini huwezi kuandikwa pahali pengine, kwa hiyo mtu anaweza kukushika kwa kutofanya kitu chochote, anakataa tu kuchukua kalamu.

Na kilikuwa cha wanaume peke yao. Hili ni jambo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Wanawake walishukuru hawakuvishwa kile kikopo, lakini matokeo yake ni kwamba ukienda kutafuta kwenye maandishi bibi zetu walifanya kazi gani huwakuti, hawamo, mwanamume ana kazi iliyoandikwa na mwanamke anaonekana kakaa tu. Ilhali mume alipoondoka kwenda kutafuta kodi, siku zake zote za shambani zilihamia kwa mke. Kulima, kupanda, kupalilia, kuamia ndege kwenye mtama watoto wakiwa juu ya dungu wanapiga madebe, kuvuna, kupura, kutwanga, kuchota maji, kutafuta kuni. Zamani mume alifyeka msitu na mke akapanda, sasa na kufyeka ni kwake.

Halafu kulikuwa na kazi zake za pesa. Bibi yangu alishona makuti mpaka macho yalipomwacha, na wengi wanaodhani makuti ni makuti hawajui kwamba yako ya namna mbili. Kuti la kumba unalisuka, jani zima limepasuliwa katikati na chane zake zinasukwa pamoja, hilo ni la ua na kibanda cha haraka. Kuti la viungo ni jingine, unachukua ufito, unachambua chane zilizolowekwa, unazikunja moja moja juu ya ufito zikipandana, na unazishona kwa ukambaa unaokwenda huku na kurudi bila kukatika mpaka mwisho, hilo ndilo la paa la nyumba, na likishonwa vizuri linakaa miaka bila kuvuja. Alikuwa anakaa chini miguu imenyooka, ufito juu ya mapaja, anazungumza na wewe wala haangalii mikono. Akimaliza moja analirusha kwenye rundo na mkono umeshashika ufito mwingine. Wakusanyaji walinunua kwa hesabu ya mia, na nyumba moja ya Majengo ilikula makuti mamia kwa mamia. Kwa hiyo huo mji wa Mombasa uliokuwa ukipanuka miaka ya 1920 na 1930, paa lake lilikuwa mikononi mwa wanawake wa vijijini ambao hakuna faili lolote linalowaita wafanyakazi.

Mjini kwenyewe wanawake waliotoka utumwani, wengi hawakutaka tena kusikia habari ya jembe. Wakaja mjini wakapika mahamri na mbaazi, vitumbua, wakauza mbele ya nyumba, wengine wakapika pombe, wakasuka mikeka, wakaosha nguo, na wako waliojibana mpaka wakajenga nyumba ya vyumba sita wakapangisha makuli. Ndani ya nyumba za wazungu nako kazi ziligeuzwa, jikoni mpishi ni mwanamume, dobi ni mwanamume, boi wa kupanga meza ni mwanamume hata akiwa na mvi kichwani anaitwa boi, mwanamke alipewa mtoto wa kulea akaitwa yaya.

Kule bara wanawake walichumishwa kahawa, malipo kwa debe, na baada ya 1919 gavana alipotoa agizo la kuwahimiza maofisa na machifu kutafuta wafanyakazi, machifu walikamata mpaka wasichana kupeleka mashambani. Hilo ni moja ya mambo aliyoyapigia kelele Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, na alipokamatwa Machi 1922 aliyeongoza watu kusogelea polisi pale Nairobi ni mwanamke, Nyanjiru, akauawa kwa risasi pamoja na wengine wengi.

Mkonge nitaupita haraka ingawa unastahili makala yake. Ulifika Tanganyika mwaka 1893 kwa Mjerumani Hindorf, ukaenea Tanga, na upande wetu ukashika Vipingo, Voi na Mwatate. Huko ndiko lilikotoka neno manamba, vibarua wa mkataba wanaotoka mbali na kila mmoja ana namba yake. Wanaume wanakata majani, miiba inawachoma, mashine ya korona inasaga majani kutoa singa, na kuanika singa juani na kuzipiga brashi ndani ya vumbi lile ni pahali ulipowakuta wanawake. Na Kwale kulikuwa na miwa ya Ramisi. Kwenye mashamba haya makubwa siku zako ziliisha kabisa, umelala kambini kwa mwajiri, unakula posho ya mwajiri, hata Jumapili yako iko ndani ya ua wake.

Na sasa tufike Kilindini nimalizane na mjomba. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Victoria 1901, na kazi ya upagazi wa misafara, ambayo ilikuwa imelisha maelfu, ikafa ndani ya miaka michache. Mizigo ikahamia bandarini. Kuli wa Kilindini aliandikwa kwa kutwa, asubuhi mnasimama getini, nyapara anachagua, meli ikiwepo kuna kazi, isipokuwepo hakuna. Ukiisikia hivyo utaona ni dhuluma tupu, na kwa aliyekuwa hana pengine pa kula ilikuwa dhuluma kweli, kijungujiko, leo umepata kesho hujapata. Lakini kwa mtu wa Mtwapa, Likoni, Changamwe au Rabai mwenye koonde lake, kazi ya kutwa ilikuwa na kitu ambacho mkataba hauna. Alikuja mjini akihitaji kodi au sanda au mahari, anabeba magunia siku kumi, anarudi. Hakuna wa kumfunga kwa kutoroka manake hajaahidi kesho. Ni yeye aliyekuwa anamwambia mwajiri leo nipo kesho sipo. Alhamisi na Ijumaa za babu yake alikuwa amezifanya ndefu mpaka zikala juma zima.

Wakubwa hawakuipenda hali hii hata kidogo, wakasema makuli wa Mombasa wavivu, wazururaji, hawana nidhamu. Mwaka 1939 mji uligoma, na Januari 13, 1947 wakagoma tena, bandari, reli, mahoteli, wapishi na maboi wa majumbani, watu kama 15,000, karibu siku 12 mji umelala, mikutano kila siku uwanja wa Kiembeni. Chege Kibachia akawa kiongozi wa umoja wao, na Agosti mwaka huo huo akakamatwa akapelekwa Baringo. Mishahara ikapandishwa kidogo kidogo, lakini pia serikali ikapata funzo lake: watu wa kutwa wanaweza kusimama wote siku moja kwa sababu hakuna aliyefungwa na kazi yake. Basi miaka ya 1940 na 1950 makuli wakaandikishwa, usipojitokeza siku za kutosha kwa mwezi jina lako linafutwa kwenye daftari, unaambiwa chagua, bandari au shamba. Waliochagua bandari walipata mshahara wa kueleweka na baadaye pensheni, na wengi wetu tumesomeshwa kwa pesa hizo, siwezi kuzibeza. Waliochagua shamba walichagua ardhi isiyokuwa yao.

Babu yangu alichagua shamba. Mwaka mmoja kabla bibi hajafariki nilikaa naye barazani na kile kipande nikamsomea, yeye hakujua kusoma lakini miezi aliijua vizuri. Nikamwonyesha nafasi zilizo tupu, pahali ambapo kati ya kuachishwa na mwajiri mmoja na kuandikwa na mwingine hakuna kitu, wakati mwingine miezi mitano, sita. Nikamuuliza hapa alikuwa anafanya nini, mbona hana kazi. Akaniambia nisome tena ni mwezi gani. Nikasoma. Hapa Disemba, hapo alikuwa Kilindini kutwa kutwa, akasema, hayo hayaandikwi. Hapa je? Kuanzia Machi mpaka Agosti. Akahesabu kwa vidole, mikono yake bado ilikuwa na makovu ya chane za makuti, halafu akasema, "Hiyo ni mvua ya mwaka, mwanangu. Alikuwa kwake."